Vikombe Vilivyofunikwa

Nakumbuka asubuhi moja ndege ilipotua hapa Kindu na hakukuwa na msichana hata mmoja wa kuichezea. Mwanangu, wewe uliyezaliwa juzi huwezi kujua jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Siku zile za Zaire ndege ya wageni haikutua bila ngoma. Lakini asubuhi ile kiwanjani walisimama wazee wawili wa kupiga ngoma, mama mmoja wa makamo aliyeshikishwa bendera kwa lazima, na mkuu wetu wa ngoma akifuta jasho la shingoni na jua bado halijawa kali. Sisi wachezaji, wote, tulikuwa tumewekwa ndani ya nyumba moja kule mtaa wa Mikelenge, tunacheka mpaka tunashika mbavu, na kila mmoja ana kikombe kilichofunikwa kitambaa.

Nitakueleza ilikuwaje, taratibu, maana jambo lenyewe watu hulisema haraka na macho chini. Likisemwa hivyo vijana hawalielewi, na wasipolielewa hawawezi kujikinga nalo.

Chama kilikuwa kimoja nchi nzima. Kila mtaa na kila ofisi ilikuwa na kundi lake la kuimba na kucheza sifa za Chama na za kiongozi. Tuliita animasyo. Hakuna aliyekuwa bwana wala bibi tena. Kila mtu alikuwa sitwaye, yaani raia, hata mkwe wako. Mimi Kapinga ni mtoto wa mtu wa Kasai aliyeletwa Kindu na kazi ya reli, nikazaliwa hapa, nikasoma hapa, na nilipofika miaka ishirini na miwili nikaingia animasyo kwa sababu nilipenda kucheza. Sitakudanganya, nilipenda sana. Tulikuwa na vikwembe, yaani vitenge, vya aina moja na vilemba vya aina moja, na tulipoteremka barabara ya kwenda mtoni watu walitoka madukani kututazama.

Mwenzangu wa mstari wa mbele alikuwa Salima. Yeye alitoka katika jamaa za Waungwana wa zamani wa Maniema, Waislamu, nyumba ya adabu na ya mapilau. Alikuwa amechumbiwa na Ramazani, fundi wa reli, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Alikuwa akisafiri na gari la moshi kwenda kutengeneza njia, na kila akirudi alipita nyuma ya uwanja wetu wa mazoezi akijifanya anatafuta mtu mwingine. Tulimtania mpaka akaanza kupita njia ya mbali.

Mwanzoni wageni waliokuja kwa ndege walikuwa na kazi. Wengine walikwenda kuangalia mawe ya madini upande wa Pangi, wengine walikuja kuwinda. Lakini polepole wakaanza kuja watu ambao hatukuona kazi yao. Walishuka Ijumaa, wakaondoka Jumatatu. Mto hawakuutazama, bunduki hawakuwa nayo. Habari ilikuwa imefika mbali kwamba Kindu wanajua kupokea wageni, na wao walikuja kupokewa. Waliuliza jambo moja tu: wachezaji wanatoka saa ngapi?

Mkuu wetu wa animasyo alikuwa Sitwaye Lukali. Ngoma ikiisha, alipita mbele ya mistari akinyoosha kidole: "Weye, na weye, na ule wa kilemba kizuri. Mutapelekea wageni chakula." Tulikuwa na akili zetu, mwanangu. Tulijua kwamba nyumba ya wageni ina mpishi wake na sahani zake. Wapo waliokubali kwa hiari, kwa kitambaa cha nje au redio ndogo. Wengi walikubali kwa woga, kwa sababu msichana aliyekataa, kesho yake baba yake aliulizwa kazini kwa nini nyumba yake haipendi Chama. Salima alichaguliwa mara ya kwanza wiki ambayo kaka yake alikuwa anatafuta kazi ofisini. Nadhani umeelewa.

Sasa nikueleze mji wenyewe uligeukaje, maana watu hudhani jambo kama lile ni la wasichana peke yao. Vijana wa kiume waliacha kulima mpunga wakawa wanangojea ndege, kubeba mizigo na kuonyesha njia. Mama mmoja jirani yetu, mtu wa kanisani, alianza kumwambia binti yake, "Utapaka lini mafuta? Ndege iko njiani." Wachumba wakaanza kutazamana kwa mashaka. Na wale wale waliokula sukari na sabuni kutoka nyumba ya wageni ndio waliotema mate msichana akipita. Mji ulikuwa umewatoa mabinti zake mlangoni, kisha ukawalaumu kwa kuwa wako nje.

Ugonjwa ukafuata. Haukuwa ule ugonjwa mkubwa wa baadaye. Huo tulikuwa hatujausikia. Ulikuwa kisonono, kinachopita toka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke na kurudi. Mwanamume kinamchoma, anajua mapema. Mwanamke mara nyingi hakimwambii kitu. Kinakaa kimya tumboni, kinaunguza njia ambayo mtoto angepita, na siku anapojisikia vibaya huenda njia imekwisha kuziba. Kuna nyumba za umri wangu hapa Kindu ambazo hazikusikia kilio cha mtoto, na wanawake wake wakaitwa wachawi, wakafukuzwa na waume ambao ndio walioleta ugonjwa nyumbani. Nimewafahamu kwa majina. Sitayataja.

Dawa ilikuwepo, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Zahanati ilikuwa na kapsuli, nusu nyekundu nusu njano. Lakini zahanati ilikuwa na mabenchi mawili barazani, moja la homa na watoto, jingine la magonjwa ya siri, na lile la pili lilitazama barabara ya sokoni. Ukikaa pale, kabla hujaitwa ndani, shangazi yako wa ng'ambo ya mto amekwisha kupata habari.

Furaha, mmoja wetu, alijikaza akakaa kwenye benchi lile uso umefunikwa kwa kitambaa. Akapata dawa zake kamili. Akaja nazo mazoezini zimefungwa katika pindo la kikwembe. Na sisi, ambao animasyo ilitufundisha kugawana kila kitu, sabuni, mafuta ya nywele, hata viatu vya kuendea harusi, tukazigawana kapsuli zile kama karanga. Huyu kidogo, yule kidogo. Tulijiona watu wema kabisa. Maumivu yakapungua, tukashukuru Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Halafu yakarudi, na kwa Salima yakarudi na homa.

Siku hiyo mazoezini aliinama katikati ya wimbo akashindwa kunyooka. Nilimshika mkono nikasema twende kwa mama yake. Akakataa. Twende zahanati. Akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi. Harusi yake ilikuwa imekaribia, nyumba yao ilikuwa imeanza kupakwa chokaa, na alichoogopa si kifo. Aliogopa Ramazani asikie, na aliogopa kwamba hata asiposikia, hatapata mtoto wa kumzalia.

"Basi twende kwa somo wako," nikasema.

Kwetu Kasai mtu huyo hatuna, kwa hiyo nikueleze kama nilivyoelezwa mimi. Katika nyumba za Waungwana, binti anayeolewa hupewa somo, mwanamke mzima wa kumfundisha mambo ya ndoa na ya mwili. Maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni matusi, somo akiyasema ni kazi yake. Anaweza kusema na binti, na mama wa binti, na hata bwana harusi, na hakuna wa kumwambia nyamaza. Somo wa Salima aliitwa Bibi Mwanaidi, mama mfupi, mweusi, mwenye harufu ya karafuu. Tulimkuta uani anachambua mchele.

Salima alilia kabla hajasema. Nikasema mimi. Nilieleza habari ya kupeleka sahani, na nyumba ya wageni, na kapsuli za Furaha. Bibi hakuinua macho kwenye ungo. Alitoa jiwe, akatupa, akatoa jingine. Nilipofika kwenye kugawana, mkono ukasimama.

"Nani aliwaambia dawa ni karanga?"

"Tulikuwa tunasaidiana, Bibi," nikasema.

"Mulisaidia ugonjwa! Siafu wakiingia kwa nyumba, weye unamwaga majivu kwa nusu yao, ile nusu ingine itafanya nini? Itakwenda kulala? Kila mumoja amepata kipande cha dawa, na ugonjwa umebaki muzima kwa kila mumoja."

"Mimi niko muchafu, Bibi," Salima akasema.

Hapo ndipo nilipoona Bibi amekasirika kweli. Aliweka ungo chini.

"Uchafu njo huu," akasema, yaani ndio huu, akaokota jiwe la mchele akamwonyesha. "Weye uko mugonjwa. Muntu mugonjwa anatibiwa. Mimi sina maji ya matusi ya kuosha muntu mugonjwa, na muntu yeyote atakayekuletea maji hayo, mwambie apite kwangu kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wako wangapi?"

Tukatazamana. Tukamwambia kwamba hatujui, kwamba kila mmoja anaficha, kwamba huenda ni nusu ya kundi, huenda zaidi.

"Basi haifai kujua," akasema, akarudi kwenye mchele wake. "Tutawaponya wote bila kujua."

Sikuelewa. Nilielewa siku tatu baadaye, alipokuja nyumbani kwetu amevaa nguo ya sherehe. Desturi yao ni kwamba biharusi kabla ya ndoa huwekwa ndani. Hatoki, haonekani na mwanamume, na wenzake wa karibu hukaa naye kumsinga mwili kwa manukato na kumwimbia. Bibi Mwanaidi alitangaza kwamba Salima anawekwa ndani, mapema kuliko kawaida, na kwamba wapambe wake ni animasyo nzima, mstari wa mbele mpaka wa nyuma. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba.

Baba yangu alivua miwani. "Mama, sisi tuko Wakatoliki."

"Nimeuliza dini? Nimeuliza mutoto."

"Na atafanya nini ndani siku zote hizo?"

"Atakula wali, atanenepa. Weye unamulisha nini? Anaonekana kama fimbo ya bendera."

Mama yangu alicheka chumbani, baba akashindwa. Ndivyo nilivyokwenda Mikelenge na mkeka wangu kichwani, na njiani nikakutana na wenzangu, kila mmoja na mkeka wake. Mitaani watu wakasema Salima ataolewa harusi ya kifalme.

Kila kundi la harusi lina wageni wake, na mgeni wetu wa kwanza alikuwa Mama Odia, mkunga wa zahanati, aliyealikwa na Bibi. Alikuja na bakuli kubwa la wali limefunikwa vizuri, na chini ya wali, ndani ya mfuko, zilikuwa kapsuli. Alituita chumba cha ndani mmoja mmoja, akatuuliza, akatupima. Kisha akatoka, akatusimamia wote.

"Kila mutu dawa yake," akasema. "Anayempa mwenzake hata moja, anamuibia uzima na anajiibia yeye mwenyewe. Maumivu yakiisha, hamujapona. Mutameza mpaka kapsuli ya mwisho, hata kama mumeanza kucheza. Na mwanamume wako, yule wa leo na yule wa kesho, asipotibiwa, hii kazi yote ni bure. Mutarudi hapa mimi nitakuwa nimezeeka."

Halafu Bibi Mwanaidi akafanya jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Alipanga vikombe ukutani, kila kimoja na jina la mwenyewe, majina akayaweka kichwani, hakuandika kitu. Akatafuta kitambaa cha kuvifunika. Furaha, mpenda mzaha, akatoa kikwembe cha animasyo chenye sura ya kiongozi kifuani. "Tukate hiki, Bibi, kitambaa kizuri." Tukaangua kicheko, halafu kwa pamoja tukageuka kutazama dirisha kama kuna mtu. Bibi akakikunja kikwembe kile kwa heshima zote, akakikalia, akachana shuka lake mwenyewe.

Adhana ikisikika, alituita. Kila mmoja alipewa kikombe chake kimefunikwa, akageukia ukuta, akanywa. Katika vikombe vingine mlikuwa na maji na kapsuli. Katika vingine mlikuwa na maji tu. Sote tuligeuka ukutani sawa, sote tulikunja uso sawa, sote tulirudisha kikombe kimefunikwa. Bibi na Mama Odia peke yao walijua. Miaka imepita, wenzangu wengine wamekwisha kuzikwa, na mpaka leo sijui nani alikuwa mgonjwa na nani alikuwa mzima, isipokuwa Salima na Furaha, kwa kuwa wenyewe waliniambia. Na kikombe changu kilikuwa na nini? Mwanangu, hilo usiniulize. Mtu aliyetibiwa hadaiwi maelezo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo vikombe havikuweza kulifunika. Lilikuwa Ramazani. Bibi Mwanaidi alimwuliza Salima mbele yangu, kwa sauti ya chini, "Nimwambie?" Alisubiri. Hakumsukuma. Salima alikaa na swali hilo mchana kutwa, akisuka na kufumua nywele zangu. Jioni akasema, "Mwambie, Bibi. Asinioe kwa kutojua."

Ramazani aliitwa barazani. Sisi tulibanana nyuma ya pazia, hatupumui. Bibi alimweleza kila kitu, sahani, na kidole cha Lukali, na kaka aliyetafuta kazi. Ramazani alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akachukua kofia yake. Akatoka. Kesho yake asubuhi tukasikia amepanda gari la moshi kwenda upande wa Kibombo, na haikuwa zamu yake.

Salima hakulia. Adhana ilipoita, aliomba kikombe chake, akageukia ukuta, akameza. Nilimwuliza anafanyaje kuwa na nguvu hiyo. Akanijibu, "Hii dawa si ya Ramazani, Kapinga. Njo yangu." Mwanangu, maneno hayo yashike.

Siku zilizofuata ndipo ndege ilipokuja. Tulisikia mngurumo wake juu ya mabati, tukakimbilia madirishani, Bibi akatufukuza kwa mwiko. Haikuchukua muda, Sitwaye Lukali akasimama mlangoni, shati limelowa.

"Mama, nataka wachezaji wangu. Wageni wako pale wanasimama kwenye jua."

"Kofia hawana?"

"Mama! Hii ni kazi ya Chama!"

"Na hii ni ndoa," Bibi akasema, na akafungua mlango wote, upana wake. "Ingia basi. Ila kwa desturi yetu, mwanamume anayeingia kwa biharusi njo bwana harusi. Na wapambe wote hawa ni biharusi siku hii. Uko na mahari yao wote?"

Barabarani watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mtu mmoja akapiga kelele, "Sitwaye, chukua, utakula ugali wa kila nyumba!" Kicheko kikaruka ukuta kwa ukuta. Lukali alikuwa mtu wa kupenda kuogopwa, na mtu wa namna hiyo akichekwa hajui mikono yake aiweke wapi. Kuvunja mlango wa biharusi mbele ya jamaa zote za Mikelenge hata mkubwa wake asingeweza. Akarudi nyuma. Kisha, watu walipoanza kutawanyika, akasogea tena karibu na pazia. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Mama," akasema kwa sauti nyingine kabisa, ndogo. "Ule mukunga mwenye kuleta wali humu… wanaume vilevile anawatibu?"

Bibi Mwanaidi hakucheka. Nilidhani atacheka. "Anawatibu," akasema. "Nenda na muke wako. Sema nimekutuma, mutapitia mlango wa nyuma." Nilijifunza hapo kwamba mtu anaweza kumzuia mkosaji mlangoni na bado asimnyime dawa.

Wageni wale walikaa usiku mmoja, wakaondoka bila kupokewa. Wakaja tena wachache, wakakuta wazee wawili na ngoma zao. Halafu hawakuja tena, au walikwenda kutafuta mji mwingine. Namwomba Mungu na huo uwe ulikuwa na Bibi Mwanaidi wake.

Nasi tukabaki na Ramazani wetu asiyerudi. Kapsuli za mwisho zilikwisha. Mama Odia akaja, akatupima tena mmoja mmoja, na alipotoka na Salima chumbani alikuwa anatabasamu mpaka meno ya nyuma. Tulipiga vigelegele, halafu tukanyamaza, kwa kuwa vigelegele vya harusi bila bwana harusi havina pa kwenda.

Ramazani alikuja alasiri moja, vumbi la njia bado liko kwenye nyusi. Alikaa kitako barazani, akamwita Bibi, akatoa mfukoni karatasi ya dawa iliyokunjwa, akaikunjua, akaikung'uta mbele yake. Ilikuwa tupu.

"Zahanati ya kule," akasema. "Hapa niliogopa benchi."

Bibi akaigeuza karatasi ile.

"Mimi vilevile nilikuwa mugonjwa, Bibi. Toka zamani. Nilinunua dawa kwa muchuuzi wa stesheni, nikameza mbili, nikasema nimepona." Akainamisha kichwa. "Uliponiambia habari ya Salima, sikukasirikia Salima. Niliogopa kwamba ni mimi nilimupa ugonjwa. Sasa nimezimaliza zote. Mwambie nimezimaliza zote. Kama bado ananitaka."

Nyuma ya pazia Salima aliketi chini kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Yeye alikuwa ameogopa kumwambia Ramazani, na Ramazani alikuwa ameogopa kumwambia yeye, na ugonjwa ulikuwa umekaa katikati yao wawili ukinenepa kwa ukimya wao. Furaha ndiye aliyepasua pazia kwa vigelegele, na safari hii havikukatika mpaka jirani wakaja na ngoma.

Mwaka uliofuata, Salima alijifungua. Mama Odia alimtia mtoto matone machoni kama alivyowatia watoto wote, maana ugonjwa ule ukimkuta mtoto njiani humpofua, kisha akamgeuza kwenye mwanga. Mtoto akafumbua macho mawili makubwa, safi, akatutazama kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Wiki iliyopita mtoto wa mtoto huyo alikuja kunisalimia, akala sombe yangu yote, mboga yetu ya majani ya muhogo, akaniachia chungu kitupu.

Baadaye ukaja ule ugonjwa mkubwa, SIDA, yaani UKIMWI. Wapo waliosema ni uongo wa Wazungu wa kuwakatisha tamaa wapendanao, na tuliwazika pamoja na mzaha wao. Lakini katika zahanati yetu, Mama Odia alikuwa amekwisha kuliondoa benchi la pili. Kulikuwa na benchi moja, wa homa na wa siri wakikaa pamoja, na ndani kila mmoja anaitwa kwa zamu yake. Watu walizoea kuja mapema na kuja na wenzao. Nikitazama nyuma napumua, mwanangu. Tulifika ukingoni, tukashikwa mkono.

Nakwambia haya kwa sababu naona hoteli mpya mtoni na magari makubwa ya wageni, na nawaona mabinti na vijana wa kiume pia wakiitwa kupeleka vitu ambavyo vina wapelekaji wao. Mgeni mpokee kwa maji, kwa kiti, kwa wali. Mwili wako si sehemu ya mapokezi, na anayekuambia ni desturi ya Kindu, mwulize ni desturi ya nani, kwa maana mimi nimeishi hapa na desturi niliyoijua ilitufungia mlango ili tupone. Ukiwa mkubwa mwenye kidole, usikinyooshe kwa mtoto wa mtu.

Na kama limekwisha kutokea, usikae nalo. Nenda utibiwe leo, kunywa dawa yako mpaka mwisho, usimgawie mtu na usigawiwe, na umwambie mwenzako naye atibiwe, hata kama ulimi unakuwa mzito. Huenda naye anangoja umwanzie. Na ukiwa wewe ni mzima, ukamjua mgonjwa, usimtafutie jina. Chukua kikombe chako cha maji matupu, kaa naye, geukia ukuta pamoja naye, umeze naye.

Mungu wa Bibi Mwanaidi na wa Mama Odia akufungulie mlango unapokimbia na akufungie unapofukuzwa. Akupe mwili mzima, mwenza mkweli, na watoto wenye macho safi watakaokumalizia sombe. Nenda, mwanangu, na salama ikutangulie.